MASHARTI YA KUSOMA NA KUHITIMU SHAHADA YA KWANZA: MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI

Kila mwaka vyuo vikuu vya hapa Zanzibar na vile vya Tanzania Bara hutoa orodha za wanafunzi watakaotunukiwa shahada. Kila mwaka pia wapo waliokwisha kutimiza miaka yao ya masomo, ambao wazazi wao wamekwisha kutayarisha safari na mavazi ya mahafali, lakini majina yao hayamo katika orodha hizo. Mara nyingi wanafunzi hao si wazito wa kuelewa masomo. Kinachowakwamisha ni sharti moja ambalo halikujulikana mapema au lilijulikana likadharauliwa: somo la mwaka wa kwanza lililobaki bila ya kufaulu, ripoti ya mafunzo kwa vitendo ambayo haikuwasilishwa, usajili wa muhula uliosahauliwa, au barua ya kuahirisha masomo ambayo haikuandikwa.

Hasara yake si ndogo. Mzazi aliyeuza ng'ombe au karafuu zake ili kulipa ada hulazimika kutafuta fedha nyengine. Mtumishi wa Serikali aliyepewa ruhusa ya masomo hujikuta muda wake umekwisha na cheti hana. Mwanafunzi aliyesoma kwa mkopo hubaki na deni bila ya shahada. Kwa sababu hiyo inafaa kwa kila mwananchi mwenye mtoto chuoni, na kila mtumishi anayekusudia kwenda masomoni, afahamu namna shahada ya kwanza inavyopatikana tangu siku ya kuingia hadi siku ya kutunukiwa.

VYOMBO VINAVYOSIMAMIA

Elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa hivyo vyuo vikuu vya Unguja na vya Bara husimamiwa na chombo kimoja, nacho ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Tume hiyo iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu Nam. 7 ya 2005, na ilirithi kazi za Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu lililoanza mwaka 1995. Tume ndiyo inayovipa vyuo ithibati, inayoidhinisha programu za masomo, na inayoweka viwango vya chini vya kumpokea mwanafunzi na kumtunuku shahada.

Hapa Zanzibar, vyuo vikuu vya mwanzo vilikuwa viwili vya binafsi, vyote vikianza mwaka 1998: Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, na Chuo cha Elimu cha Chukwani, ambacho hivi sasa ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Chuo kikuu cha umma, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinachojulikana zaidi kwa jina la SUZA, kiliundwa kwa Sheria Nam. 8 ya 1999 ya Baraza la Wawakilishi na kuanza kazi mwaka 2001. Rais wa Zanzibar ndiye Mkuu wa Chuo hicho.

Ni lazima ieleweke kwamba Tume huweka kiwango cha chini tu. Kila chuo, kupitia Seneti yake, hutunga kanuni zake za mitihani ndani ya mipaka hiyo, na kanuni hizo zinaweza kuwa kali zaidi. Hivyo basi, yatakayoelezwa hapa ni mambo ya jumla, na kauli ya mwisho kwa kila mwanafunzi ni kitabu cha kanuni cha chuo chake.

SIFA ZA KUINGIA

Zipo njia kuu mbili za kuingia katika shahada ya kwanza. Ya kwanza ni ya mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita. Huyu hutakiwa awe amefaulu masomo mawili kwa kiwango cha juu, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, katika masomo yanayohusiana na programu anayoiomba. Kwa waliomaliza tangu mwaka 2016, pointi huhesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Waliomaliza katika miaka ya 2014 na 2015, ambapo madaraja yalikuwa yamebadilishwa, wana hesabu yao tofauti, na hawafai kulinganishwa na wenziwao bila ya kuulizia chuoni.

Njia ya pili ni ya mwenye stashahada. Kwa kawaida huyu hutakiwa awe na stashahada inayotambuliwa yenye wastani usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne. Njia hii ndiyo inayotumiwa zaidi na watumishi walioanza kazi kwa cheti au stashahada, kama walimu, wauguzi na maafisa wa kilimo. Mtumishi asidhani kwamba miaka mingi ya kazi inaziba pengo la ufaulu wa kidato cha nne. Vyeti vyote hukaguliwa, na anayebainika baadae kuwa hakuwa na sifa anaweza kuondolewa chuoni hata kama yupo mwaka wa mwisho.

Zaidi ya kiwango cha chini cha Tume, programu nyingi zina masharti yake. Udaktari wa binadamu, uhandisi na sheria haziombwi kwa masomo yoyote tu, bali kwa masomo na alama maalumu zilizotajwa katika kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa kila mwaka. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, na si kwa mfumo mmoja wa pamoja kama ilivyokuwa kuanzia mwaka 2010.

MAANA YA KREDITI

Shahada haipimwi kwa miaka pekee, bali kwa krediti. Krediti ni kipimo cha kazi anayotakiwa mwanafunzi aifanye katika somo, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi. Saa hizo si za kukaa darasani tu. Ndani yake mnahesabiwa mihadhara, semina, kazi za maabara, kazi za kuandika, kujisomea maktaba na kujitayarisha kwa mtihani. Somo la krediti 12, kwa mfano, linamdai mwanafunzi saa 120 za kazi. Ikiwa saa 40 kati ya hizo ni za kumsikiliza mhadhiri, 80 zilizobaki ni juu ya mwanafunzi mwenyewe.

Shahada ya kwanza inahitaji krediti zisizopungua 360, ambazo ni wastani wa krediti 120 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Programu ya miaka minne hufikia krediti 480, na ya miaka mitano 600. Mwanafunzi aliyemaliza miaka mitatu lakini ana krediti 352 hajamaliza shahada. Krediti nane zilizopungua zina uzito ule ule wa sharti kama zingelipungua themanini.

Masomo yenyewe yamegawika. Yapo ya msingi ambayo hayana badala, na yapo ya hiari ambayo mwanafunzi huyachagua ndani ya orodha. Aidha, yapo masomo ya lazima kwa wanafunzi wote wa chuo, kama vile stadi za mawasiliano na taaluma ya maendeleo. Haya ya mwisho mara nyingi hudharauliwa kwa kuonekana hayahusiani na fani ya mtu. Lakini katika hesabu ya kuhitimu, mwanafunzi wa kompyuta aliyeshindwa stadi za mawasiliano yuko sawa na aliyeshindwa somo la kompyuta: wote wawili hawajahitimu.

Vile vile programu nyingi zina sehemu zinazofanyika nje ya darasa. Mwalimu mtarajiwa hutakiwa afanye mazoezi ya kufundisha skuli. Muuguzi afanye kazi za hospitali. Wa fani nyengine afanye mafunzo kwa vitendo katika taasisi. Mwaka wa mwisho wengi hutakiwa waandike ripoti ya utafiti. Kila moja ya kazi hizo ina krediti zake na tarehe yake ya mwisho.

ALAMA NA WASTANI WA POINTI

Katika vyuo vingi alama za somo zimegawika sehemu mbili. Kazi za muhula, yaani majaribio, kazi za kuandika na za vikundi, huchukua asilimia 40, na mtihani wa mwisho huchukua asilimia 60. Baadhi ya vyuo humzuia kufanya mtihani wa mwisho mwanafunzi ambaye hakufikia kiwango maalumu cha alama za muhula, au ambaye mahudhurio yake hayakufikia asilimia iliyowekwa, ambayo aghalabu ni 75. Mwanafunzi anayesema kwamba atafidia yote katika mtihani wa mwisho anajidanganya mwenyewe, kwani huenda chumba cha mtihani asikiingie.

Mfumo wa alama unaotumika kwa upana nchini kwa shahada ya kwanza ni huu: alama 70 hadi 100 ni A, yenye pointi 5, 60 hadi 69 ni B+, yenye pointi 4, 50 hadi 59 ni B, yenye pointi 3, 40 hadi 49 ni C, yenye pointi 2, 35 hadi 39 ni D, yenye pointi 1, na chini ya hapo ni E, isiyo na pointi. Alama ya kufaulu ni C. D na E ni kushindwa.

Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti za somo hilo, kisha jumla yake hugawiwa kwa jumla ya krediti zote. Kinachopatikana ni wastani wa pointi, ambao watu wengi wanaujua kwa herufi tatu za GPA. Ichukuliwe kuwa mwanafunzi ana masomo sita katika muhula, yenye jumla ya krediti 60. Amepata A katika somo la krediti 12, nazo ni pointi 60; B+ katika jengine la krediti 12, nazo ni 48; B katika masomo mawili ya krediti 10 kila moja, nazo ni 60; C katika somo la krediti 8, nazo ni 16; na D katika la mwisho la krediti 8, nazo ni 8. Jumla ni pointi 192. Zikigawiwa kwa 60, wastani wake ni 3.2.

Wastani wa masomo ya miaka yote ndio unaotoa daraja la shahada. Kuanzia 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu. Chini ya 2.0 hakuna shahada. Shahada chache, kama ile ya udaktari wa binadamu, hazitolewi kwa madaraja.

Jambo moja huwashangaza wengi. Ilivyozoeleka, wastani huandikwa kwa tarakimu moja baada ya nukta, na tarakimu zinazofuata hukatwa bila ya kukaribishwa. Mwenye 3.48 huandikiwa 3.4, na daraja lake ni la pili la chini. Haisaidii kumuomba mhadhiri aongeze alama mwishoni. Tofauti hiyo hujengwa au hubomolewa tangu muhula wa kwanza. Daraja hilo nalo lina uzito katika maisha, kwani kuomba shahada ya uzamili kwa kawaida huhitaji angalau daraja la pili la chini, na nafasi za kufundisha chuoni huhitaji zaidi ya hapo.

ANAYESHINDWA MTIHANI

Mwanafunzi aliyeshindwa somo hupewa nafasi ya mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wenyewe huuita "sapu". Mtihani huu una sharti ambalo halina budi kujulikana: hata mtu akiufanya vizuri kiasi gani, alama atakayoandikiwa kwa kawaida haizidi C. Kwa mfano uliotangulia, mwanafunzi aliyepata D akirudia na kufaulu, pointi zake zitapanda kutoka 192 hadi 200, na wastani wake utakuwa 3.3. Lau angelipata B+ katika mtihani wa mara ya kwanza, jumla yake ingelikuwa 216 na wastani 3.6. Marudio yanamnusuru mtu asianguke, lakini hayamrejeshi pale ambapo angelifika.

Mtihani wa marudio usichanganywe na mtihani maalumu. Mtihani maalumu ni wa mwanafunzi ambaye hakuweza kufanya mtihani wa kwanza kwa udhuru uliokubaliwa, kama maradhi yaliyothibitishwa na hospitali au msiba wa karibu. Huyu huhesabiwa kuwa anafanya kwa mara ya kwanza na huandikiwa alama zake zote. Tofauti baina ya mitihani hiyo miwili ni karatasi moja: barua iliyopelekwa chuoni kwa wakati pamoja na ushahidi wake. Asiyefika mtihanini bila ya ruhusa huhesabiwa kuwa ameshindwa, na katika baadhi ya vyuo huchukuliwa kuwa ameacha masomo.

Akishindwa na marudio, mwanafunzi ambaye wastani wake bado unaruhusu kuendelea hubeba somo hilo hadi mwaka unaofuata. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Masomo mengi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Somo la muhula wa kwanza likimshinda mtu, litarudi muhula wa kwanza wa mwaka mwengine, wakati tayari ana masomo mapya, na pengine vipindi vinagongana. Anayebeba somo la mwaka wa mwisho hana mwaka unaofuata, bali huongeza mwaka mzima kwa ajili ya somo moja.

Yule ambaye wastani wake wa mwaka umeshuka chini ya kiwango, au aliyeshindwa masomo mengi kuliko yanayoruhusiwa, huondolewa chuoni. Wanafunzi husema "amedisko". Adhabu kama hiyo pia humfika aliyethibitika kufanya udanganyifu katika mtihani: kuingia na karatasi, simu au maandishi yasiyoruhusiwa, kufanyiwa mtihani na mtu mwengine, au kunakili kazi ya mwenzake na kuiita yake. Kanuni za vyuo hazitofautishi baina ya aliyeitumia karatasi na aliyekutwa nayo tu. Kuingia nayo ni kosa lililokamilika.

Mwanafunzi asiyeridhika na matokeo ana haki ya kukata rufaa. Rufaa huandikwa ndani ya muda maalumu baada ya matokeo kutangazwa, mara nyingi kwa kulipia ada, na hupitia kwa mkuu wa idara au ofisi inayohusika na taaluma. Maombi ya mdomo au ya kupitia kwa jamaa na wakubwa hayana nafasi katika kanuni, na yanaweza kumdhuru mwenye haki kwa kumpotezea siku zake za rufaa.

KUAHIRISHA MASOMO NA MUDA WA MWISHO

Maradhi, uzazi, msiba na ukosefu wa ada ni mambo yanayomfika kila binadamu, na kanuni zimeyawekea njia. Mwanafunzi anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa muhula au mwaka, na chuo humuwekea nafasi yake. Sharti ni kwamba aombe kwa maandishi na asubiri jibu. Anayerudi nyumbani kimya kimya kwa kuwa hana ada, akidhani kuwa chuo kitafahamu, hukuta jina lake limefutwa. Kinamama wanaojifungua katikati ya muhula wanahimizwa hasa kuzitumia kanuni hizi, kwani wengi wao hupoteza mwaka kwa kuona haya kuandika barua ambayo ni haki yao.

Hata hivyo muda hauko wazi daima. Kila programu ina ukomo wake wa usajili, ambao katika vyuo vingi ni kiasi cha miaka miwili juu ya muda wa kawaida wa programu. Ukomo huo ukipita, krediti zilizokusanywa zinaweza kupotea, na mwanafunzi akalazimika kuomba upya. Anayetaka kuhamia chuo chengine anaweza kuhamisha baadhi ya krediti zake, iwapo programu zinalingana na chuo kinachompokea kimeridhia, lakini chuo kinachotoa shahada hakitokubali kutoa cheti kwa masomo ambayo karibu yote yalisomwa kwengine.

WATUMISHI WALIO NA RUHUSA YA MASOMO

Kwa mtumishi wa Serikali, mambo yaliyoelezwa hapo juu yana uzito wa ziada, kwa sababu ruhusa yake ina tarehe ya kwisha na kalenda ya chuo haifuati tarehe hiyo. Ichukuliwe mfano wa mwalimu wa Pemba aliyepewa ruhusa ya miaka mitatu kusoma shahada ya ualimu Unguja. Mwaka wa pili ameshindwa somo moja la muhula wa pili, na marudio pia yamemshinda. Mwaka wa tatu analibeba somo lile pamoja na mazoezi ya kufundisha na ripoti ya utafiti. Likimshinda tena, ruhusa yake inakwisha mwezi ambao somo lenyewe halifundishwi, na litarudi baada ya miezi minane au tisa. Akirudi kazini bila ya kuliarifu chuo, usajili wake unakatika. Akibaki chuoni bila ya kuiarifu Wizara yake, anahesabika kuwa ametoroka kazini.

Mwalimu huyo hana njia ya mkato, lakini ana njia ya haki. Anatakiwa, mara tu matokeo ya mwaka wa pili yanapotoka, ampe Afisa Utumishi wake taarifa ya maandishi pamoja na nakala ya matokeo, na aulize chuoni ni lini somo lake litafundishwa. Taarifa iliyotolewa mwaka mmoja kabla huipa taasisi nafasi ya kupanga mtu wa kushika zamu yake, na yeye humpa nafasi ya kuomba nyongeza ya ruhusa kabla ya ile ya kwanza kwisha. Wapo watumishi wanaoificha habari ya kushindwa kwa kuona aibu. Aibu ya somo moja hupita. Ya kukutwa umetoweka kazini bila ya cheti mkononi haipiti upesi.

Wakuu wa taasisi nao wana wajibu wao. Mtumishi asipewe ruhusa kwa programu isiyotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, wala kwa chuo kisichokuwa na ithibati, kwani shahada itakayopatikana huko haitoweza kutumika kupandishia cheo. Inafaa pia nakala za matokeo ya kila mwaka ziwemo katika jalada la mtumishi, ili tatizo lionekane likiwa bado dogo.

Kuhusu waliosoma kwa mikopo, iwe ya Bodi ya Muungano iliyoanza kazi mwaka 2005 au ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar iliyoundwa mwaka 2011, ieleweke kwamba mkopo ni deni kwa aliyehitimu na kwa asiyehitimu pia. Fedha za kujikimu, maarufu kwa jina la "bumu", hazigeuki sadaka kwa sababu mtu ameondolewa chuoni. Anayeahirisha masomo anatakiwa aiarifu Bodi yake kama anavyokiarifu chuo.

KUTOKA MATOKEO HADI MAHAFALI

Kumaliza mtihani wa mwisho siko kuhitimu. Matokeo huanzia kwa mhadhiri, yakapitiwa na idara, yakajadiliwa na bodi ya kitivo au skuli, pamoja na maoni ya watahini wa nje, na mwisho yakaidhinishwa na Seneti. Ni Seneti ndiyo inayokubali kuwa mtu ametimiza masharti yote. Baada ya hapo ndipo Mkuu wa Chuo humtunuku shahada katika mahafali.

Kabla ya cheti kutolewa, mwanafunzi hujaza fomu ya kuonesha kwamba hana deni: ada imelipwa, vitabu vya maktaba vimerejeshwa, na vifaa vya maabara na vya dakhalia viko salama. Kitabu kimoja kilichopotea kinaweza kuzuia cheti kwa miezi. Vile vile jina litakaloandikwa katika cheti ndilo lile lililosajiliwa wakati wa kuingia chuoni, ambalo hutakiwa lilingane na la vyeti vya skuli. Tofauti ya herufi moja, kama Khamis na Hamis, au jina la babu lililoachwa, imewasumbua watumishi wengi wakati wa kupandishwa vyeo na hata wakati wa kudai kiinua mgongo. Marekebisho hufanywa wakati wa usajili, na si baada ya cheti kuchapishwa.

Cheti na nakala ya matokeo ni hati mbili tofauti, na mwajiri huweza kuzitaka zote. Waliosoma nje ya nchi hutakiwa wapeleke vyeti vyao Tume ya Vyuo Vikuu ili vitambuliwe na kulinganishwa kabla ya kutumika kuombea kazi.

Si ajabu kwamba uhakiki wa vyeti umekuwa mkali. Mwezi Aprili 2017 Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilitangaza kuwa watumishi 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wengi wao walikuwa na miaka mingi ya utumishi. Cheti cha haki, hata kiwe cha daraja la chini, humpa mwenyewe usingizi. Cha kughushi humfuata mtu hadi uzeeni.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa muhtasari, kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa azingatie yafuatayo:

1. Achukue kitabu cha kanuni cha chuo chake wiki ya kwanza na akisome sehemu ya mitihani yote.

2. Ajisajili kila muhula katika tarehe zilizowekwa, na ahifadhi stakabadhi zote za ada.

3. Kila matokeo yakitoka, ahesabu krediti alizofaulu na zilizobaki, na asisubiri mwaka wa mwisho kuambiwa.

4. Somo lililoshindikana alishughulikie katika nafasi ya mwanzo inayopatikana, na apange ratiba kwa kulianza hilo kabla ya mapya.

5. Udhuru wowote autolee taarifa kwa maandishi, abaki na nakala, na asiondoke kabla ya kupata jibu.

6. Aliye mtumishi aiarifu taasisi yake kila hatua, nzuri na mbaya.

7. Ahakikishe jina lake limeandikwa sawasawa tangu mwanzo.

Wazazi na walezi nao wanaombwa wasiishie kulipa ada tu. Mzazi hata kama hakupata kusoma chuo kikuu anaweza kumuuliza mwanawe maswali mawili kila mwisho wa mwaka: umefaulu masomo mangapi, na yamebaki mangapi? Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, ni bora lijulikane mwaka wa kwanza kuliko kujulikana siku ambayo wageni wamekwisha kualikwa. Mwenye kuhitaji ufafanuzi zaidi afike katika ofisi ya usajili ya chuo husika akiwa na namba yake ya usajili na nakala za matokeo yake.